Kalenda ya visa: Ujiji imekubali kupangika

Imekubali! Novemba yote ya kalenda yangu ya matukio imejipanga jana usiku, kuanzia mwaka 1483 mpaka 1995, na hakuna mstari hata mmoja ulioruka. Mwenye nyumba kanisikia nikipiga meza, akauliza kama nimeng'atwa na tandu.

Kwa aliyekuja leo: kila ukurasa unaanza na tukio la Kigoma au la ziwa letu Tanganyika, kisha nalitafutia wenzake wa tarehe hiyohiyo kokote duniani. Baadhi zilikuwa mteremko. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alishuka Gombe 14 Julai 1960. Wafaransa walivamia gereza la Bastille 14 Julai 1789. Nikaandika, nikaendelea.

Kisha nikafika Ujiji, siku Stanley alipomkuta mvumbuzi Livingstone.

Kwanza Excel, programu ya majedwali. Wanaoisifia hawajawahi kuilisha karne ya 19. Kwake dunia imeanza 1 Januari 1900; ukiandika 10/11/1871 inaichukua kama maneno matupu, na ukipanga, maneno yanakaa chini ya tarehe zote. Kwa hiyo Stanley anafika Ujiji baada ya meli iliyozama tarehe hiyohiyo mwaka 1975. Zaidi ya hapo inaamini kulikuwa na 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwepo. Kosa hilo lilirithiwa makusudi kutoka Lotus 1-2-3, programu ya majedwali ya zamani, ili mafaili ya zamani yasivurugike, na mpaka leo limo. Nimehamia LibreOffice, programu nyingine ya kazi hiyohiyo. Ni nzito kwenye laptopu yangu, menyu zake zimejificha hovyo, lakini mwaka 1871 inaujua, na inakwambia 10 Novemba ya mwaka ule ilikuwa Ijumaa. Hata ile Oktoba ya 1582, kalenda ya zamani ya Julius ilipobadilishwa kuwa hii ya leo na tarehe 4 ikafuatwa na tarehe 15, inairuka inavyotakiwa. (Mtakatifu Teresa wa Ávila, Hispania, alifariki usiku huohuo wa katikati. Huyo nimemwekea ukurasa wake peke yake.)

Kumbe programu ilikuwa nusu ya shida. Kibao cha mnara pale Ujiji kinasema 10 Novemba 1871, kama kitabu cha Stanley. Shajara ya Livingstone inaliweka jambo hilohilo mwishoni mwa Oktoba. Watu wawili wamepeana mikono, kila mmoja na mwezi wake! Rafiki yangu mwalimu wa historia akaniambia, "Ndugu yangu, weka tarehe 10, nani atakuuliza?" Nitajiuliza mimi. Mradi wote unasimama juu ya tarehe.

Sina ugomvi na Livingstone. Mzee alikuwa mgonjwa na karatasi zilikuwa zimemwishia. Mwaka ule alifika kuandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino wa kukamua kwenye mimea. Mtu wa hali hiyo akipotelewa na siku kadhaa utamlaumu? Stanley naye alikuwa mwandishi wa gazeti, na tarehe iliyonyooka sana kwenye kitabu cha kuuza huwa inanitia wasiwasi.

Kilichofungua fundo ni safu tatu badala ya moja: "kuanzia", "hadi" na "nani kasema". Tukio la kawaida lina tarehe moja kwenye safu mbili za kwanza. Ujiji ina mistari miwili yenye namba moja ya tukio: wa Stanley unakaa 10 Novemba, wa Livingstone unatambaa mwishoni mwa Oktoba, na ukiubonyeza mmoja unakupeleka kwa mwenzake. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, naye ametulia humohumo: alizaliwa 10 Novemba 1483 kwa kalenda ya Julius, ambayo kwa hesabu ya leo ni tarehe 19. Namwacha kwenye 10, safu ya tatu inaeleza.

Nilipanga baada ya hapa nichore picha za kila mwezi. Sichori tena, maana ile meli ya 1975 imeniharibu akili. Edmund Fitzgerald ilizama kwenye ziwa Superior, mpakani mwa Marekani na Kanada, 10 Novemba, imebeba mawe ya chuma, dhoruba kali, watu 29, hakuna aliyepona, na haikutuma hata wito wa kuomba msaada. Ziwa kwa ziwa! Sasa nataka kalenda ya vyombo vya majini tu, na ya kuanzia ninayo: Liemba, meli yetu ya hapa ziwani. Wajerumani waliizamisha wenyewe 26 Julai 1916, injini wamezipaka grisi nzito ili siku moja waje waichukue. Waingereza ndio walioiibua, 1924, na mpaka leo tunaiita yetu. Tarehe hiyohiyo, 1956, Rais Nasser wa Misri alitaifisha mfereji wa Suez. Na 26 Julai 1953 Fidel Castro alishambulia kambi ya jeshi ya Moncada, Kuba. Kundi lake likajiita kwa tarehe hiyo, na mtu wa kundi hilo, Che Guevara, alivuka ziwa kutokea hapa Kigoma mwaka 1965 kwenda Kongo.

Kinachonikwamisha sasa ni 5 Februari, siku Liemba ilipoteremshwa majini mwaka 1915, ikiitwa Graf von Goetzen. Sijaipatia mwenzake wa majini. Mwenye tukio alete, na aseme ni kalenda gani.