Turubai ndilo lililoniozeshea tela

Tela langu hufanya kazi ya maana mara mbili tu kwa mwaka. Zabibu za Dodoma tunavuna kwenye Februari na Machi, kisha tena Agosti na Septemba, na misimu hiyo ndiyo linabeba kreti kutoka shambani Mpunguzi hadi mjini. Miezi mingine limekaa uani, juani. Banda sina, na bati za kujengea banda zina foleni yake nyumbani kwetu: mbele kuna choo, halafu jiko la mama watoto.

Nililinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019. Chasi ya bomba za mraba, sakafu ya mbao, matairi mawili, rangi ya kijani iliyopakwa juu ya rangi nyingine. Baada ya mavuno ya Septemba nikalisogeza ukutani, nikaweka kipande cha gogo chini ya kichwa chake, nikalifunika kwa turubai la bluu, lile jepesi la dukani, nikalikaza kwa kamba ya manila kama mtoto anavyofungwa mgongoni kwa kanga. Nikajiona nimemaliza.

Oktoba ikaja na upepo wake. Aliyekaa Dodoma anaujua: vumbi linaingia hadi kwenye sufuria lenye mfuniko. Turubai lilipigapiga usiku kucha, na kila lilipogusa kona ya chuma liliisugua rangi, maana vumbi lililonasa chini yake lilikuwa msasa mtupu. Kufikia Desemba jua lilikuwa limeshalila. Ukilivuta linabaki nyuzinyuzi mkononi. Mvua za kwanza zikakuta limebonyea katikati, likawa beseni. Maji yakachuruzika taratibu kwenye mbao, na yakishaingia hayana pa kutokea wala hewa ya kuyakausha. Huku kwetu mvua kwa kawaida hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka, tena ni za Desemba hadi Aprili tu, ndiyo maana sikuwahi kufikiria kwamba kitu kinaweza kuoza Dodoma.

Februari nikafungua. Harufu ilinipokea kwanza, kama ya gunia la mahindi lililosahaulika likiwa bichi. Nikagusisha bisibisi kwenye ubao wa kona ya nyuma. Ikazama hadi kwenye mpini bila kutumia nguvu, kama naichomeka kwenye ugali. Kuunyanyua ubao, chini yake mchwa wameshatandika njia yao ya udongo: wametoka ardhini, wamepanda kwenye gogo, wamefuata chasi hadi nyuma. Lile gogo nililiweka mwenyewe.

Zabibu haisubiri. Nikabadilisha mbao tatu, nikajaza upepo, nikapakia. Nikiwa barabara ya Iringa, mji sijaufikia, tairi la kulia likapasuka. Halikuchomwa na msumari, lilichanika ubavuni. Kreti tatu zikamwagika kwenye lami. Bodaboda wawili walisimama kunisaidia, wakaondoka na vishada mkononi, na siwalaumu. Kijana wa matairi alilizungusha tairi, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akaniwekea mwanga wa simu kwenye tarakimu nne: 3112.

"Mzee, hii ni wiki ya 31, mwaka 2012. Kashata zote, haya mabonge ya tairi yanayokanyaga lami, unaziona zipo, ila mpira wenyewe ulishakufa."

Sikujua kama tarehe ya tairi imeandikwa pale. Na sikujua kwamba tairi la tela hufa likiwa limesimama: jua linakausha mpira, uzito unakalia sehemu ileile miezi mitano, upepo ukipungua ubavu unajikunja na kuanza kupata nyufa. Nyufa zilikuwepo muda wote. Nilidhani ni uchafu.

Jirani yangu mmoja, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, alikuja kuangalia, akaguna. "Mwanangu, tela tupu umelivisha koti la nini? Si ungeliacha lipigwe na upepo?" Nilimwambia naogopa mvua. Akacheka.

Juni nikaanza upya. Fundi wa kuchomelea alinikatia miguu minne ya bomba yenye sahani chini, na kila mguu nikauweka juu ya jiwe bapa. Mawe Dodoma hatununui. Mchwa bado anaweza kupanda chuma, lakini lazima ajenge njia ya udongo kwa nje, na hiyo naiona. Kila wiki nazunguka na kijiti. Matairi nimeyavua, yamelala stoo gizani. Na tela lisilo na matairi halitembei usiku.

Kichwa nimekiinua kuzidi mkia kwa kama upana wa kiganja, ili maji yakimbilie nyuma. Kisha fundi akatoboa tundu la milimita 10 sehemu ya chini kabisa ya kila bomba. Tundu la kwanza lilipofunguka, ikatiririka chai ya rangi, karibu nusu kikombe. Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili! Yale maji yalikuwa yamekaa ndani ya chuma muda wote huo yakikila, na kwa nje rangi ilikuwa nzima.

Kutu nimeikwangua kwa brashi ya waya na msasa, nikapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, kwa sababu vumbi la usiku mmoja linatosha kufanya rangi isishike. Kwenye mbao, wengi walinishauri oili chafu. Mchwa haipendi, ni kweli, lakini kreti ya zabibu ikinuka oili mnunuzi hageuki nyuma. Nikapaka rangi ya mafuta pande zote, na nikarudia mara tatu kwenye ncha zilizokatwa, maana ubao hunywa maji kwa nchani kama mrija. Kati ya ubao na ubao nimeacha nafasi ya kidole.

Turubai bado ninalo, ila sasa ni kuukuu la lori, zito. Nimelaza mti juu ya bodi kutoka mbele hadi nyuma, turubai limekaa kama paa la hema, pembeni linaning'inia bila kugusa chini. Upande wa mashariki, unakotoka upepo, nimelishusha zaidi. Nimelifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli; upepo ukivuta, mpira unavutika na kurudi. Beringi naziosha kwa mafuta ya taa na kuzitia grisi mpya kabla ya kila msimu.

Kilichonishinda ni umeme. Plagi nimeiacha ikitazama chini, nimeivika mpira, pini nimezipaka vaselini, na bado taa ya nyuma kushoto inawaka ikijisikia. Fundi anasema waya uliofungwa kwenye chasi umeshika kutu pale unapogusana na chuma, na kupafikia lazima sakafu ifunguliwe tena. Sijaifungua. Msimu huu naondoka shambani saa nane mchana, ili niingie mjini kungali na mwanga.