Kumbukumbu ya seva ya leseni: milango sita, anwani moja

Jumamosi

Umeme ulikatika usiku, seva ikawaka yenyewe uliporudi, na leseni zimegoma tena. Programu yetu ya kukokotoa mihimili na nguzo za majengo tunaitumia kwa kugawana: leseni ni chache, zinakaa kwenye seva moja, mhandisi akifungua programu anaazima moja, akifunga anairudisha. Msimamizi wa ugawaji huo ni FlexNet. Leo kila anayefungua anapata kosa namba -9, yaani mashine hii siyo iliyotajwa kwenye leseni. Lakini mashine ni ileile, haijaguswa. Na umeme ulipokatika mara ya mwisho kila kitu kilirudi salama.

Kifaa kilichokufa kabisa hakinitishi. Kinachogoma leo na kukubali kesho ndicho kinachoninyima usingizi, kwa hiyo safari hii siwashi upya seva na kuombea bahati. Namtafuta mchawi.

Nimeanza na faili la leseni. Mstari wake wa kwanza una neno SERVER, jina la mashine, tarakimu 12, kisha namba ya poti, yaani mlango wa kimtandao ambao programu husikilizia. Hizo tarakimu 12 ni anwani ya MAC, namba ya utambulisho ya kadi ya mtandao. Kwa maneno mengine leseni haiijui seva. Inaijua anwani moja tu ya kadi. Kwenye mashine yenye mlango mmoja wa mtandao hakuna wa kuhangaika. Yetu ina minne kwenye bodi yenyewe, eno1 mpaka eno4, na miwili kwenye kadi ya kuchomeka. Anwani za ile minne zinafuatana, tofauti ni tarakimu ya mwisho: 4, 5, 6, 7. Jicho likichoka zote ni moja.

Leseni yetu inataja inayoishia na 5, ya eno2. Nikaandika lmutil lmhostid, amri ya FlexNet ya kuorodhesha anwani inazoziona kwenye mashine. Amri ikamwaga orodha ndefu, pamoja na onyo kwamba kati ya hizo utumie moja tu. Ya 6 imo, ya 7 imo, hata ya docker0, kadi ya kubuni isiyo na mlango wa kweli, imo. Ya 5 haimo. Ya 4 ipo.

Jumapili

Nimempata. Seva hii ina bondi: eno1 na eno2 zinafanya kazi kama kadi moja, ili waya mmoja ukichomoka mafaili ya ofisi yaendelee kupatikana. Katika hali yake ya kawaida, bondi ya Linux huchukua anwani ya kadi iliyojiunga kwanza na kuivisha nyingine zote. Kwenye faili la hali ya bondi, /proc/net/bonding/bond0, kila kadi ina mstari wa Permanent HW addr, ile anwani ya kiwandani, na hapo 5 ya eno2 ipo bila kasoro. Juu yake tu imevikwa 4.

Kwa hiyo seva ikiwaka eno2 ikawahi kujiunga, bondi nzima inakuwa 5 na leseni zinatoka. Ikiwahi eno1, tunapata -9. Niliivunja bondi nikaijenga upya kwa mkono, eno2 kwanza: leseni zikatoka. Nikageuza mpangilio: -9. Nilirudia mpaka nikaridhika.

Dawa inayopendekezwa sana ni kuilazimisha kadi ivae anwani iliyo kwenye leseni. Linux inakubali kwa amri moja. Mimi siikubali hata kidogo. Mikataba ya leseni kwa kawaida inakataza kughushi utambulisho wa mashine, na siku anwani hiyo ikijitokeza kwenye mashine mbili za mtandao mmoja, swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, haitajua ipeleke wapi mzigo. Nimeitoa eno2 kwenye bondi, nikaingiza eno3 badala yake. eno2 sasa ina waya wake na kazi yake, kuingilia seva kwa ajili ya matengenezo. Nimezima na kuwasha huku nikichomoa waya huu na ule. Anwani ya 5 haibanduki.

Jumatatu

Wengi wanafanya kazi, lakini wahandisi wawili wanapata -96: seva haijibu. Hili nalo ni zao la milango mingi. Jina la seva kwenye DNS, orodha inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao, lina anwani mbili za IP, moja ya mtandao wa ofisi na nyingine ya mtandao wa hifadhi rudufu, ambako kompyuta zao hazifiki. Upande wa hifadhi nimeupa jina lake tofauti. Nikiwa humo humo nimeifungia namba ya poti ile huduma ya muuzaji inayotajwa kwenye mstari wa VENDOR, maana ukiiacha huru inajichagulia poti kila inapowaka, na ukuta wa moto unaizuia. Msimamizi mkuu, programu kuu ya FlexNet, yeye hana taabu. Asipopangiwa poti hutafuta kati ya 27000 na 27009.

Kilichobaki ni maombi ya leseni mpya. Nitatuma anwani inayotolewa na amri ya ethtool -P eno2, siyo inayoonekana kwenye amri ya ip link, kwa sababu ethtool inasoma ya kiwandani hata kadi ikiwa imevikwa nyingine. Kadi ya kuchomeka sitaihusisha: inaweza kung'olewa siku yoyote ikahamia seva nyingine, na ikiondoka inaondoka na leseni.