Tulivyopeleka Velankanni magoti ya Bibi

Wabongo wengi ukiwatajia Chennai kule India wanajua hospitali tu, mtu kapelekwa kufanyiwa upasuaji wa moyo au kubadilishwa figo. Sisi tulikuwepo kwa sababu nyingine, baba watoto alikuwa anasoma masta na mimi nikamfuata na wanangu wawili, Dada akiwa na miaka sita na Babu mitatu (Babu ndo jina lake la nyumbani, amerithi jina la marehemu baba mkwe wangu kwa hiyo hakuna anayemwita jina lake kavu kavu). Huku nyuma mama mkwe yuko Bagamoyo anaumwa magoti, kupiga magoti kanisani hawezi tena, anakaa kwenye benchi wenzake wakiinama na hilo lilikuwa linamuuma kuliko hata maumivu yenyewe. Kuna sista mmoja Mhindi aliwahi kumsimulia habari za Velankanni, mji mdogo wa hija pwani ya kusini mwa Chennai, kwamba kuna Bikira Maria wa Afya Njema pale na wagonjwa wanaenda toka kila kona. Basi kila tukiongea kwenye simu swali la kwanza ni watoto wameshakula, la pili ni mmeshaenda kwa Mama?

Tukaenda Januari 2019, baada ya Pongal, ile sikukuu yao ya mavuno. Sikukuu kubwa ya Velankanni yenyewe inaanza tarehe 29 Agosti wanapopandisha bendera mpaka tarehe 8 Septemba, kuzaliwa kwa Bikira Maria, na siku zile watu wanatembea kwa miguu kutoka mbali sana wamevaa nguo za rangi ya machungwa, barabara zinajaa. Na watoto wadogo sikuthubutu.

Treni ya usiku tukapandia stesheni ya Egmore. Wenye kujua treni za India wanajua vile vitanda vya ghorofa tatu, Dada akadai cha juu kabisa, mimi na Babu chini. Kitanda cha mbele yetu alikuwepo mama mmoja wa makamo na mabinti zake, hatukuwa na lugha ya kuongea, Kitamili sijui na Kiingereza hajui, lakini kabla treni haijatoka vizuri mjini kashafungua kontena lake la chakula, wali uliochanganywa na maziwa mgando, akafinyanga tonge kwa vidole akamlisha Babu mdomoni. Babu ambaye toka tufike India alikuwa anakataa chakula kwa sababu ya pilipili, alikula lile kontena nusu. Nikataka kumzuia kwa aibu, yule mama akanipungia mkono niache. Alafu akavua ua lake la yasmini kichwani akalichomeka kwenye nywele za Dada, nilikuwa nimemsuka twende kilioni, na mabinti wakashuka wote kuja kushika zile nywele, wanauliza kwa ishara zimesukwaje. Dada akainamisha kichwa wakahesabu mistari.

Asubuhi Nagapattinam. Kitu cha kwanza alichokiona Dada dirishani ni minazi. Huyu ni mtoto wa Bagamoyo, minazi anaijua, akaniambia mama mbona minazi yote imelala? Kimbunga Gaja kilipiga pwani ile tarehe 16 Novemba 2018, miezi miwili tu kabla hatujafika, na minazi ilikuwa bado iko chini mashambani, mingine imekatika katikati, mingine imeng'oka na mizizi juu. Anayetoka pwani anaelewa mnazi ni nini, unapanda leo unasubiri miaka ndo uanze kuangua, na watu wale walipoteza kwa usiku mmoja. Dereva wa bajaji aliyetupeleka Velankanni, kama kilomita kumi hivi, alikuwa anatuonyesha kwa kidole huku na huku, paa limeenda, mashua imeenda.

Mji wenyewe ni mdogo, yaani ni kanisa, bahari, na mtaa wa maduka unaounganisha hivyo viwili. Kanisa ni jeupe pee na mapaa mekundu, minara inaonekana toka mbali, Papa Yohane XXIII alilipa hadhi ya basilika mwaka 1962. Madukani kuna mishumaa mirefu kumzidi Babu, mashada ya maua, nazi, miche ya minazi, samaki wakavu, midoli ya plastiki, na hapo kwenye midoli ndo ilikuwa vita yangu ya kila mara tukipita.

Usiku kabla ya kwenda kusali niliwasimulia gesti zile hadithi za pale. Kwamba miaka mia kadhaa iliyopita kijana alikuwa anapeleka maziwa kwa tajiri, akapumzika kwenye kisima, akatokewa na mama mzuri amebeba mtoto, mama akamuomba maziwa ya mwanawe, akampa. Alipofika kwa tajiri akaomba radhi kwamba maziwa yamepungua, wakafunua chungu kikawa kinafurika. Baadaye kukawa na mtoto mwingine kilema anauza mtindi kwenye kivuli, naye akaombwa, akatoa, akasimama na miguu yake. Na mabaharia Wareno waliokaribia kuzama kwenye dhoruba wakafika salama pale siku ya tarehe 8 Septemba, wakajenga kanisa. Dada swali lake lilikuwa moja, yule mtoto kilema aliambiwa asimame au alisimama tu mwenyewe? Nikamwambia aliambiwa aende mjini kutoa habari, akaona anakimbia. Akakaa kimya. Babu yeye alichosikia ni maziwa, ikabidi baba yake atoke usiku kutafuta maziwa.

Kesho yake kwenye foleni ya kuingia kanisani (viatu mnaacha nje) Dada akaanza kuuliza kuhusu watu. Mbele yetu bibi mmoja ana jivu kipajini la Kihindu, amebeba kichanga, nyuma yetu mzee na kofia yake ya Kiislamu. Mzee Kiingereza alikuwa nacho, akatuambia yeye anatoka Nagore pale jirani, kwenye dargah, yaani kaburi la walii Shahul Hamid, na kwamba Wakristo na Wahindu wanaenda kule kwao vilevile kama yeye anavyokuja huku, mke wake alikuwa anaumwa. Akamuuliza Dada yeye kaja kuomba nini. Dada akasema magoti. Mzee akamtazama magoti, Dada akasema hapana, ya bibi yangu. Nikatafsiri, na mzee akaweka mkono kifuani.

Ndani kulikuwa na Misa ya Kitamili inaendelea, watu wamekaa chini sakafuni familia nzima nzima, watoto wanatambaa katikati na hakuna anayegeuka kumkunjia mtu sura. Hilo niliomba lingekuwa kwetu pia, maana nimeshatoka Misa nyingi na mtoto mgongoni kwa sababu ya macho ya watu. Bikira Maria yuko juu altareni amesimama kabeba mtoto, kavishwa sari inang'aa kwa dhahabu, Dada akaninong'oneza "Mama, kavaa kama wale wa kwenye treni."

Alafu sasa kuna zile sanamu ndogo za bati jeupe, unanunua kiungo kinachouma unaenda kutoa, kuna jicho, mkono, moyo, kuna hadi nyumba na vitanda vya watoto kwa wanaoomba uzazi. Zilizotolewa kwa shukrani zimejaa kwenye makumbusho yao, za fedha na dhahabu, ukipita pale unaona shida za watu zimepangwa kwenye kabati. Mwenye duka akampa Dada mguu mmoja. Mguu wenyewe ni mwembamba, ukibonyeza kwa dole gumba unabonyea, lakini vidole vyote vitano vimechorwa na kucha zake. Dada akakataa, bibi ana magoti mawili. Mwenye duka akamuelewesha kwa ishara kwamba mmoja unatosha, Mama anaelewa. Dada hakubali, kasimama pale na mguu wake mmoja mkononi. Tukanunua wa pili.

Sasa kuna njia ya mchanga, inatoka kanisani mpaka kwenye kile kisima cha Mama, na watu wanaipita kwa magoti. Ni ndefu kwelikweli, mtu mzima anaimaliza jasho linamtoka. Upande mmoja wamejenga vituo vya Njia ya Msalaba, upande mwingine matendo ya Rozari. Tulienda mapema mchanga ukiwa haujapata moto. Mpango wetu ulikuwa tuipite kwa kutembea, tusali, tuwaonyeshe watoto, basi. Dada akapiga magoti. Nilidhani anajaribu tu, watoto si wanaiga, ataenda hatua chache atachoka. Akaenda. Ana mguu wa bati kila mkono, anasema Salamu Maria kwa sauti, kwa Kiswahili, akisahau katikati anaanza upya. Baba yake akamwambia mama inatosha (anamwita mama, ana jina la mama yake), simama mwanangu, magoti yatachubuka. Akajibu bila kugeuka, "Bibi hawezi, mimi naweza."

Sisi wawili tukatazamana. Mimi nimesomeshwa katekesi, nimeenda hija Pugu nikiwa msichana, nimefundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza, na sikumbuki kama niliwahi kumuombea mtu kwa mwili wangu namna ile. Nikakunja sketi nikapiga magoti pembeni yake. Mchanga wa pale una vijiwe vidogo na vipande vya kombe, vinakuingia kimoja kimoja. Mama mmoja aliyekuwa mbele yetu na mche wa mnazi mkononi akasimama, akavua ushungi wake wa bega, akaupasua mara mbili, akamfunga Dada magotini fundo kwa nyuma, akarudi kwenye nafasi yake akaendelea. Hakusubiri hata asante. Babu yeye alikuwa anatambaa kwa miguu minne anatupita, anarudi, anatupita tena, mpaka akapandishwa shingoni kwa baba yake. Kuna vijana walikuja na simu wanataka selfi na Dada, mmoja akashika nywele kuvuta uso wake ugeuke, na kabla sijafungua mdomo kinamama wa pande zote wakawavurumishia Kitamili wale vijana wakapotea. Kinamama wakaanza kusali pamoja na Dada. Yeye anamaliza Salamu Maria yake, wao wanaitikia "Mariye vazhga", nadhani hakujua wanasema nini lakini sauti ikawa inampandisha, kila wakiitikia anasogea.

Alifika. Alikuwa analia mwisho mwisho lakini hakusimama. Tukatoa ile miguu miwili, tukapewa maji ya kisimani tukajaza kichupa cha Bibi, nikamfungua vile vitambaa, goti la kushoto lilikuwa limechubuka kidogo.

Jioni tukashuka ufukweni. Bahari ya pale ina mawimbi yenye nguvu na maji yanavuta, tuliwaacha walowanishe miguu tu, baba yao kawashika mikono. Pale ndipo ilipopiga tsunami tarehe 26 Desemba 2004, Jumapili asubuhi, siku moja baada ya Krismasi, mahujaji wamejaa ufukweni. Wilaya ile ya Nagapattinam peke yake walikufa zaidi ya watu 6,000, na nguvu ile ile ilivuka bahari ikaua watu mpaka Dar waliokuwa wanaogelea. Kuna kumbukumbu yao, nilisimama pale nikasali. Wengi walikuwa watoto. Mimi na wanangu tumesimama kwenye mchanga ule ule, sikuwa na maneno zaidi ya pumziko la milele uwape ee Bwana, na nikawaita watoto watoke majini.

Babu sasa. Toka tufike alikuwa anaona watoto wenzake wamenyolewa upara na kupakwa liwa ya manjano kichwani, ni nadhiri, Wakristo kwa Wahindu wanafanya, familia inamleta mtoto ananyolewa anatoa nywele zake. Siku ya kuondoka akagoma kabisa kupita pale wanaponyolea, anajigusa kichwa anasema "na mimi". Baba yake akasema mtoto ana nywele zake na anataka kuzitoa, nani mimi wa kumkatalia, dada yake katoa magoti. Kinyozi akamkalisha mapajani kwangu, wembe mpya, maji, Babu katulia kama siye yeye, nywele zile za kipilipili zinaangukia kwenye khanga yangu. Kinyozi akampaka liwa kichwa kizima, kikawa kinanukia mpaka kwenye treni.

Tukampigia Bibi WhatsApp kabla ya treni kuondoka. Nilishamtumia video ya Dada kwenye mchanga, akawa ameitazama na kinamama wa jumuiya wote, akasema wamelia wote, kisha akaanza kufoka kwa nini tumemwacha mtoto achubuke, tumpake mafuta ya nazi, siyo ya dukani, ya nazi yenyewe. Dada akamuuliza "Bibi, yamepona?" Bibi akamwambia leo nimeamka nikamkumbuka Mama Maria na wewe, mwanangu, hayajapona lakini nimeenda nayo kanisani. Dada akaniambia basi tutarudi. Alafu Babu akaingiza kichwa kwenye kamera, upara mtupu, njano, na Bibi akapiga kelele kule Bagamoyo mpaka abiria wakageuka, "Haa! Mume wangu! Umerudi na upara wako ule ule!" akacheka, akaita majirani waje kumuona mume wake.