Nilivyofahamu kiwanda cha jirani kinatumia kemikali gani

Swali lilitoka kwa jirani yangu, mama mmoja wa Uvira. Mumewe alikuwa amepata kazi ya usafi kupitia wakala, kwenye kiwanda kimoja cha Rubbertown, na kila jioni nguo zake zilirudi na harufu tamu inayokaa kooni. "Yaya, kule wanatengeneza nini? Nikimuuliza bwana anasema plastiki. Plastiki gani?" Mimi huwasaidia watu wa kwetu kusoma barua za serikali na za shule, kwa hiyo kazi hiyo ikawa yangu.

Rubbertown ni ukanda wa viwanda magharibi mwa Louisville, Kentucky, kando ya Mto Ohio. Ulijengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipokwisha kuteka mashamba ya mpira ya Asia ya Kusini-Mashariki na Marekani ikalazimika kuupika mpira wake viwandani. Vita vikaisha, viwanda vikabaki. Sasa jiji hilo lina Wakongo wengi waliopokelewa kama wakimbizi, na Kiswahili unakisikia dukani na kanisani kama uko Bukavu.

Nilianza na rejista ambayo jina lake lilinivutia zaidi, ile inayoitwa CDR, yaani ripoti ya takwimu za kemikali. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, huikusanya kila baada ya miaka minne chini ya sheria ya kemikali ya 1976. Mwenye kiwanda aliyetengeneza au kuingiza nchini kemikali kwa pauni 25,000 au zaidi kwa mwaka katika eneo moja, yaani zaidi ya tani 11, hutakiwa kueleza kiasi, matumizi, hata makadirio ya wafanyakazi wanaoweza kuguswa nayo. Kuna mpaka safu inayouliza kama kemikali hiyo huingia kwenye bidhaa za watoto. Duru ya 2024 iliuliza habari za miaka ya 2020 hadi 2023. Nikasema hapa nimefika.

Majedwali yenyewe ni makubwa, simu haiyawezi. Nilikaa kwenye kompyuta ya maktaba ya jiji, nikachuja kwa jina la mji, na majina ya viwanda yakatokea. Kile cha mume wa jirani kilikuwepo, lakini kwa kemikali ambazo hazikufanana kabisa na kazi yake. Safu nyingine hazikuwa na tarakimu, ziliandikwa CBI tu, maana yake siri ya kibiashara. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, anayedai siri lazima atoe sababu, na kwa kawaida dai hilo huisha baada ya miaka kumi isipokuwa likihuishwa. Ni hatua nzuri, ila kwa mtu anayeingia zamu kesho asubuhi miaka kumi haina msaada.

Kilichonifungua macho ni maelezo ya nani anatakiwa kujaza. CDR inamtaka mtengenezaji na mwagizaji. Kiwanda kinachonunua kemikali kwa mwingine na kuitumia hakijazi chochote kuhusu hiyo kemikali. Polima nazo, yaani vitu vya molekuli ndefu zilizoungwa kwa vipande vidogo vingi, kwa sehemu kubwa zimesamehewa, na plastiki na mpira ni polima. Sasa fikiria mwenye kiwanda anayenunua butadieni, gesi ambayo ni malighafi, akaigeuza kuwa mpira: alichonunua hakimo kwa sababu hakukitengeneza, alichotengeneza hakimo kwa sababu ni polima. Hakuna aliyeficha kitu. Rejista haikumuuliza tu. Tangu hapo, kabla ya kusoma takwimu yoyote ya serikali, ninaanza kusoma ni nani aliyelazimishwa kusema, na kuhusu nini.

Rejista ya pili ndiyo iliyonipa majibu. Inaitwa TRI, orodha ya kemikali za sumu zinazotoka viwandani, na ilizaliwa kutokana na msiba. Desemba 1984 gesi ya sumu ilivuja kutoka kiwanda cha dawa za kuua wadudu huko Bhopal, India, ikaua maelfu ya watu. Agosti 1985 uvujaji mwingine ukatokea Institute, West Virginia, hapa hapa Marekani. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya mipango ya dharura na haki ya jamii kujua. Kwa sheria hiyo, kiwanda cha sekta zilizotajwa chenye wafanyakazi kumi au zaidi huripoti kila tarehe 1 Julai habari za mwaka uliopita kwa orodha ya kemikali karibu 800. Na hapa mtumiaji naye anabanwa: anayetengeneza au kusindika huanza kuripoti akivuka pauni 25,000, anayetumia kwa namna nyingine akivuka pauni 10,000. Kwa baadhi ya kemikali kiwango ni cha chini zaidi. Kwa nyingi za PFAS, zile kemikali zisizooza, ni pauni 100 tu.

Nilitafuta kwa anwani, si kwa jina la kampuni. Viwanda vya eneo hili vimeuzwa na kununuliwa mara nyingi, na ukifuata jina unaweza kudhani kiwanda kilifungwa mwaka fulani kumbe kimebadilisha kibao cha getini. EPA hukipa kila kiwanda namba ya usajili, na hiyo haifuati mnunuzi. Vivyo hivyo kwa kemikali: kitu kimoja kinaweza kuwa na majina matano, lakini namba yake ya CAS, ya utambulisho wa kemikali, ni moja. Butadieni ni 106-99-0, vinili kloridi ni 75-01-4, stairini ni 100-42-5. Niliziandika kwenye karatasi nikatembea nazo kama mtoto na namba ya simu ya mama yake.

Watu wengi wakifungua fomu ya TRI hukimbilia pauni zilizotoka hewani. Mimi nilikaa zaidi kwenye sehemu ya 3 na ya 4. Ya 3 inaonyesha kemikali inafanya nini pale ndani: imetengenezwa, imeingia kama malighafi ya mmenyuko, au imetumika kuoshea mashine. Ya 4 inataja kiasi kikubwa zaidi kilichowahi kuwepo kiwandani kwa mpigo mmoja mwaka huo, kwa msimbo. 05, kwa mfano, ni kati ya pauni 100,000 na 999,999. Na siri ya kibiashara humo inaruhusiwa kuficha utambulisho wa kemikali tu. Kiasi lazima kionekane. Zile pauni za hewani nazo zina maana, lakini hazikuambii mapafu ya mtu yamevuta kiasi gani, na ninamkatiza yeyote anayezisoma hivyo.

Kuna mlango wa tatu usiopitiwa na wengi, wa kemikali zilizohifadhiwa. Viwanda hupeleka taarifa hizo kila tarehe 1 Machi kwa kamati ya mipango ya dharura ya eneo, kwa jimbo na kwa zimamoto. Mtu yeyote anaweza kuziomba kwa maandishi, na sheria inataka ajibiwe ndani ya siku 45. Niliandika barua fupi yenye anwani ya kiwanda na mwaka ninaoutaka. Hawakuniuliza mimi ni nani. Orodha iliyokuja ilikuwa na vitu ambavyo TRI haina, maana hii haijifungi kwenye zile kemikali 800.

Nikaziweka orodha pamoja, nikapata ukurasa mmoja: jina, namba ya CAS, kazi yake kiwandani, kwa Kiswahili cha kawaida. Butadieni ilikuwemo, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Stairini ilikuwemo pia, na harufu tamu ni sifa yake inayojulikana, ingawa sikumwambia mama yule kwamba ndiyo inayokaa kwenye shati la mumewe. Hilo karatasi zangu haziwezi kulithibitisha.

Mumewe aliichukua ile karatasi kazini. Hapo rejista za EPA zimefika mwisho wake na sheria ya usalama kazini inaanza: mwajiri lazima aweke karatasi ya usalama ya kila kemikali hatari mahali mfanyakazi anapoweza kuipata ndani ya zamu yake, na anayeletwa na wakala ana haki ileile. Ugumu ni kwamba huwezi kuomba karatasi ya kitu usichokijua jina. Yeye sasa alikuwa na majina na namba. Alimwonyesha msimamizi, akapelekwa kwenye kompyuta ya karakana, akachapishiwa tatu.

Jioni walikuja nazo wote wawili. Kila moja ina sehemu 16. Bwana alitaka tuanze na ya 8, inayotaja glavu na kinga ya pumzi, maana glavu alizopewa ni zile nyembamba za hospitalini. Mkewe akataka ya 4 kwanza, huduma ya haraka. Tukaanza na ya 4.