Unene wa Slabu Kabla ya Hesabu za Nondo

Unene wa slabu ya zege hutakiwa mapema, kabla mhandisi hajapiga hesabu yoyote ya nondo, kwa sababu pasipo unene haujulikani uzito, na pasipo uzito boriti, nguzo na msingi haviwezi kukadiriwa. Kwa slabu za kawaida za nyumba na ofisi, kinachoamua mara nyingi si nguvu bali kunepa: slabu inaweza kubeba mzigo wake wote bila kuvunjika na bado ikanepa kiasi cha kupasua kuta zilizojengwa juu yake.

Ndiyo maana makadirio huanzia kwenye umbali kati ya egemeo na egemeo, yaani boriti au kuta zinazoishika slabu. Kwa slabu inayopeleka mzigo katika mwelekeo mmoja, kanuni za Marekani, ACI 318, huugawa umbali huo kwa 20 ikiwa slabu imelala tu juu ya maegemeo mawili, kwa 24 ikiwa inaendelea kupita egemeo upande mmoja, kwa 28 ikiwa inaendelea pande zote mbili, na kwa 10 ikiwa inachomoza kama kibaraza. Umbali wa mita 4 ukiwa na mwendelezo upande mmoja unatoa milimita 167, nami ningechora 175. Wengi husahau kwamba migawo hiyo haikukusudiwa slabu inayobeba kuta zinazopasuka kirahisi.

Eurocode 2, kanuni za Ulaya, hutumia 26 kwa mwendelezo huohuo wa upande mmoja nondo zikiwa chache, lakini jibu lake, milimita 154, ni kina cha kufikia katikati ya nondo, si unene mzima. Ukiongeza zege la kufunika la milimita 25 na nusu ya nondo ya milimita 12, unafika 185. Slabu iliyoshikwa na boriti pande nne, ambayo urefu wake hauzidi upana wake mara mbili, hukadiriwa kwa umbali mfupi, na huweza kuwa nyembamba zaidi.

Kuongeza unene kwa hofu, hata hivyo, kuna gharama. Kutoka milimita 150 hadi 175, ukakamavu wa zege ambalo halijapasuka, yaani uwezo wake wa kukataa kunepa, hupanda kwa karibu asilimia 59 huku uzito ukipanda kwa 17 tu, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Lakini milimita hizo 25 ni takriban kilonewtoni 0.6 kwa kila mita ya mraba, na nguzo inayobeba mita 20 za mraba katika ghorofa nane hupokea takriban kilonewtoni 100 za ziada, yaani kama tani 10.

Mahali ambapo sibani unene ni kwenye kibaraza. Nondo zake kuu ziko juu, na mafundi huzikanyaga wakimwaga zege. Katika kina cha milimita 120, nondo zikididimia milimita 30, robo ya kina imekwisha potea.