Jongo melini
Mwenzangu wa chumba cha injini aliamka usiku wa manane kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka likigusa analia. Mtu mzima, na daktari yuko mbali mno! Niliumia sana. Hilo ndilo jongo: asidi ya yuriki, taka ya mwili iliyomo kwenye damu, ikizidi takriban miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, inaweza kuganda kuwa vijisindano ndani ya viungo. Kule chini joto linatukamua jasho, halafu kiu tunaikata kwa soda, ambayo sukari yake nayo huipandisha asidi hiyo, kama bia, maini na dagaa. Mara nyingi jongo huandamana na presha, kisukari na mawe ya figo. Cheti cha afya cha baharia hudumu hadi miaka 2. Mkienda kupima, ndugu zangu, ombeni na asidi hii ipimwe.