Dawa ya minyoo umewapa, mbona kuku bado wamekonda?

Hili swali naulizwa sana na wafugaji wenzangu wa huku Chanika, tena msimu kama huu wa mvua ndo balaa, na mi huwa namrudishia mtu swali moja tu, ulimpa dawa gani na alikuwa na mnyoo gani? Wengi hapo wananitajia rangi ya kopo. Jamani, minyoo ya kuku haifanani, na dawa zake hazifanani, hela zetu nyingi zinapotelea hapo.

Ipo ile minyoo ya mviringo, mirefu myeupe, inakaa kwenye utumbo mwembamba, wataalamu wanaiita Ascaridia galli na jike lake linaweza kufika sentimita 12. Hii kuku anaipata moja kwa moja kwa kudonoa mayai yake kwenye udongo au maranda yenye kinyesi. Afu kuna tegu, ile bapa yenye pingili pingili. Tegu haitoki kwa kuku kwenda kwa kuku hivi hivi, lazima apite kwanza kwa mdudu, sisimizi, mbawakawa, nzi, wengine konokono, kuku akimla huyo mdudu ndo anaambukizwa. Sasa kuku wa kienyeji kutwa nzima kazi yake ni kuparua na kula wadudu, utamzuiaje? Miaka ya 1990 watafiti walichunguza kuku wa vijijini mkoani Morogoro na kila kuku alikutwa na minyoo, kwa hiyo mtu akikwambia wake hawana, wapo wazima kabisa, hajapasua utumbo huyo.

Na kupasua utumbo ndo kipimo ambacho nawaomba mjifunze, ni bure. Ukichinja kuku wa mboga usitupe utumbo, chukua beseni weka maji kidogo, tia utumbo ndani, uchane kwa mkasi taratibu kuanzia karibu na firigisi mpaka mwisho. Minyoo ya mviringo utaijua papo hapo, inaelea kama tambi zilizochemshwa, ikiwa mingi utaikuta imejifunga fundo imeziba njia kabisa na kifaranga mkubwa anaweza kufa kwa hilo tu. Tegu inataka jicho, kichwa chake kimeng'ang'ania ukutani mwa utumbo, maji yakitikisika unaona utepe mweupe mwembamba unacheza huku upande mmoja umeshikwa. Usisahau vile vifuko viwili vya mwishoni, huko wanakaa vijinyoo vya kama sentimita moja, Heterakis, kwa kuku havina neno sana ila kwenye mayai yake anasafiri kimelea anayeua bata mzinga, ndo maana mwenye bata mzinga akiwachanganya na kuku anashangaa wanaisha mmoja mmoja.

Ukishajua una nini ndo uende duka la dawa za mifugo. Piperazini, ile ya unga ya kuchanganya kwenye maji ambayo kila mtu anayo, inapiga minyoo ya mviringo iliyokomaa basi, tegu haiigusi, na watoto wa minyoo waliojichimbia kwenye ukuta wa utumbo wanabaki salama kwa hiyo usiporudia baada ya wiki mbili tatu hivi wanakua na unarudi palepale. Levamisoli nayo ni nzuri kwa minyoo ya mviringo lakini kwa tegu hapana. Kama umeona tegu muulize daktari wa mifugo kuhusu albendazoli au fenbendazoli au prazikwanteli na kipimo chake kwa uzito, msikadirie kwa kifuniko cha soda tafadhali. Na ukiona kinyesi kina damu kwa vifaranga, manyoya yamesimama wamejikunyata, hiyo mara nyingi ni koksidiosisi, siyo minyoo, inatibiwa na amproliamu na dawa zinazofanana nayo, ukikaa unawapa dawa ya minyoo watakufa mikononi.

Kuwapa kwenyewe: toa maji jioni, asubuhi wakiwa na kiu weka dawa kwenye maji machache ambayo watayamaliza ndani ya saa chache. Anayeumwa hanywi vizuri, huyo mshike umpe mdomoni mwenyewe. Sasa kitu ambacho watu hawakifanyi, piperazini haimuui mnyoo, inamlegeza tu anatoka na kinyesi, mara nyingi bado mzima na tumboni ana mayai kibao, na kuku wengine wanaukimbilia kuudonoa! Kwa hiyo siku hiyo na kesho yake wafungie bandani, fagia kinyesi chote, maranda toa weka mapya. Hicho kinyesi usikimwage mbichi kwenye tuta la mchicha ambako kuku wanapita, kirundike kioze kwanza mpaka kipate joto.

Mayai ya minyoo yana ganda gumu, dawa za kupulizia banda nyingi haziyafanyi kitu, yanakaa kwenye udongo wenye unyevu miezi na miezi. Adui yake ni jua na ukavu. Ndo maana napigia kelele maeneo yanayozunguka vinywesheo, pale panapolowa kila siku, inua chombo juu ya tofali, weka kokoto chini, hamisha hamisha. Vifaranga wasichanganywe na wakubwa, wenye umri chini ya miezi 3 ndo wanaumia zaidi.

Mi nawapa kila baada ya miezi mitatu, na naipanga iwe wiki moja kabla ya chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa Newcastle, sababu kuku mwenye minyoo mingi mwili wake haupokei chanjo vizuri. Mwarobaini na kitunguu saumu sikatai kuwapa, ila nikishaona tegu kwenye beseni nakwenda dukani. Na mayai na nyama, soma kwenye kopo siku za kusubiri baada ya dawa kabla ya kula au kuuza, uzihesabu, nyingine zimeandikwa kabisa zisitumike kwa kuku wanaotaga, mteja wako ana watoto nyumbani.